Lubumbashi: Televizio za vyumba vya michezo Kampemba hazifi kwa uzee

Mstari mmoja mweupe, mwembamba kama uzi, katikati ya kioo cheusi. Juu yake hakuna kitu, chini yake hakuna kitu. Sauti ya uwanja inaendelea kama kawaida, watazamaji wanashangilia, lakini wachezaji wote 22 wamebanwa ndani ya ule uzi. Hivyo ndivyo televizio ya mama mmoja wa kartie Bel-Air, katika komine ya Kampemba, ilivyoacha kazi jioni moja ya mwezi wa kumi na moja, mvua za kwanza zikiwa zimeanza kunyesha mjini Lubumbashi.

Mama huyu ana chumba kimoja kinachoangalia avenyu, mbele ya parsele yake. Ndani mna televizio mbili za zamani, zile nene za mgongo, na kila moja imefungiwa ndani ya sanduku la mbao lenye kufuli. Juu ya sanduku kuna PlayStation 2, na waya za manete zinatoka kwenye tundu mbele. Watoto wanakuja baada ya masomo, kila mmoja na noti yake ya franka 500 mkononi. Televizio moja ikifa, nusu ya noti hizo zinapotea, na minervali ya mtoto wake wa sekondari haingoji. Mimi nilifika pale kwa sababu mtoto wa dada yangu ni mmoja wa wateja wake wakubwa. Aliniomba nitafute fundi kabla mnunuzi wa mitraye hajatangulia. Mnunuzi alikuwa amekwisha kupita mara moja na kuuliza bei.

Mtu anayeingia katika chumba cha aina hii anaweza kucheka yale masanduku. Asicheke. Mashine za michezo zilizojaza mabaa na kumbi za Marekani na Japani kuanzia miaka ya 1970 zilikuwa kitu hicho hicho: kabati la mbao, kioo cha televizio ndani, vitufe mbele. Pong, mchezo wa kampuni ya Atari uliofungua biashara hiyo mwaka 1972, ulitengenezwa na kijana mhandisi, Allan Alcorn. Katika mashine ya kwanza alitia televizio ya nyumbani ya Hitachi, nyeusi na nyeupe, iliyonunuliwa dukani kama anavyonunua mtu yeyote. Mashine iliwekwa katika baa moja huko Sunnyvale, California. Baada ya siku chache mwenye baa akamwita: imeharibika. Alcorn akaenda, akafungua, akakuta kwamba kioo kizima na waya nzima. Sarafu zilikuwa zimejaa hadi zikafurika na kuziba mahali pa kuingilia.

Kwetu ugonjwa huo hauwezi kutokea. Tangu franka ya Congo ilipoanza mwaka 1998, inatembea kwa noti tu. Sarafu za makuta na za zaire zimebaki katika makopo ya wazee. Hata mtu akileta kabati halisi kutoka Afrika ya Kusini kupitia Kasumbalesa, lazima ang'oe sehemu ya sarafu na kuweka kitufe, au atengeneze jetoni zake. Kampemba ilifanya rahisi zaidi: kondakta ni mama mwenyewe, amekaa mlangoni, anahesabu dakika kwa simu yake.

Lakini kisa cha Alcorn kina faida kwa kila mwenye chumba cha michezo, na fundi tuliyemleta kutoka kartie Bongonga alianza vile vile bila kukijua. Hakufungua kitu. Alikaa juu ya kiti cha plastiki, akauliza maswali. Kabla ya mstari huu kutokea, picha ilikuwaje? Kuna mtu aliyepiga sanduku kofi? Baada ya kofi, picha ilirudi? Umeme ulikuwa umekatika siku hiyo?

Watoto walijibu wote kwa pamoja. Ndiyo, picha ilikuwa inaruka. Ndiyo, walikuwa wanapiga kofi upande wa kushoto, na picha ilikuwa inarudi. Siku tatu za mwisho kofi moja halikutosha tena. Fundi akatikisa kichwa na kumwambia mama kwamba nusu ya kazi imekwisha.

Kwa nini nusu? Inafaa tueleze, maana hapa ndipo watu wengi wanapopoteza pesa. Nyuma ya kioo cha televizio ya zamani kuna chupa kubwa isiyo na hewa ndani. Kwenye shingo ya chupa mnatoka mwali wa elektroni unaopiga kioo kwa ndani na kukifanya king'ae. Mwali wenyewe unatoa nukta moja tu. Ili nukta iwe picha, bobine za shaba zilizovalishwa kwenye shingo zinausukuma mwali: seti moja kushoto na kulia, mara 15,625 kwa sekunde; seti nyingine juu na chini, mara 50 kwa sekunde. Picha unayoiona ni nukta moja inayokimbia kuliko jicho.

Sasa tazama ule mstari uliolala. Mwali bado unakwenda kushoto na kulia, kwa hiyo sehemu ile ni nzima. Volti kubwa inayowasha kioo hutolewa na sehemu hiyo hiyo, kwa hiyo nayo iko. Chupa inang'aa, kwa hiyo haijafa. Umeme unaingia. Kilichokufa ni kimoja tu: safari ya juu na chini. Televizio ambayo mama alikuwa karibu kuiuza kwa kilo ilikuwa nzima kwa sehemu kubwa. Jambo moja tu alilokosea ni kuiacha ikiwaka hivyo kwa muda ili watoto wasikie matokeo ya mechi. Mwali wote ukikusanyika mahali pamoja unachoma unga unaong'aa nyuma ya kioo, na alama hiyo haitoki tena. Ukiona mstari, zima.

Kama kioo kingekuwa giza tupu, habari ingekuwa nyingine. Hapo fundi angetafuta kwenye umeme wa kuingilia, au kwenye tranzista kubwa inayosukuma ile safari ya kushoto na kulia. Ndiyo inayobeba mzigo mzito kuliko zote, na ndiyo inayolipuka kwanza umeme unapofanya vurugu. Na kuna matatizo ambayo si matatizo. Doa la zambarau pembeni ya kioo mara nyingi ni sumaku ya bafle lililowekwa karibu. Ondoa bafle, zima televizio nusu saa ipoe, kisha washa, na bobine inayozunguka kioo itajisafisha yenyewe kwa ule mngurumo mfupi unaousikia wakati wa kuwasha. Picha isiyo na rangi baada ya kununua PlayStation nyingine inaweza kuwa mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya Marekani au Japani, ambayo televizio yako haielewi rangi zake. Nimeona mtu akilipa kubadilishiwa vipande vitatu kwa ajili ya doa la bafle. Sitasema wapi.

Sanduku likafunguliwa, kifuniko cha nyuma kikatolewa. Vumbi jekundu la Lubumbashi lilikuwa limelala ndani kama unga wa muhogo. Hilo nalo lina sababu: volti kubwa huvuta vumbi kama sumaku inavyovuta misumari, na kiangazi chetu kina vumbi la kutosha. Miezi yote ya ukavu halidhuru sana. Lakini mvua ya kwanza ikija, vumbi linanywa unyevu, na umeme unaanza kupita juu yake. Wale wanaosikia televizio yao ikitoa mlio wa “tsss” usiku, na kuona cheche ya buluu kupitia matundu ya nyuma, wanasikia jambo hilo. Fundi alisema mwezi wa kumi na moja na wa kumi na mbili ndiyo miezi yake ya kazi.

Hapa watoto wawili walikuwa wamesogea karibu, na fundi akawafukuza kwa sauti ambayo haikuwa ya mchezo.

Ubavuni mwa chupa kuna kikombe cha mpira, na waya mnene mwekundu unaingia pale. Chini ya kikombe kile, televizio ikiwaka, kuna volti karibu 25,000. Zaidi ya hapo, chupa yenyewe inahifadhi umeme kama ndoo inavyohifadhi maji: unaweza kuchomoa waya kwenye prizi, ukanywa chai, ukarudi, na bado ukapigwa. Pigo lenyewe huenda lisimuue mtu mwenye afya, lakini mkono unaruka nyuma kwa nguvu, unagonga shingo ya chupa, kioo kinapasuka. Chupa isiyo na hewa ikipasuka, vipande vinarukia ndani kisha nje, usoni. Na kuna kitu kingine ambacho ninaona ni kibaya zaidi kwa sababu hakuna anayekiogopa: kondansateri kubwa ya kuingilia umeme, mweusi au wa buluu, ukubwa wa kopo dogo la nyanya. Volti 220 za ukutani zikigeuzwa zinakuwa karibu 310 ndani yake. Hilo ndilo linaloua.

Fundi alitoa turnevisi ndefu ya mpini wa plastiki. Kwenye chuma chake alikuwa amefunga waya, na ncha ya pili ya waya akaibana kwenye ule utepe wa nyaya uchi unaozunguka mgongo wa chupa. Utepe kwanza, alisisitiza kwa wanafunzi wake wawili, kila mara utepe kwanza. Kisha mkono mmoja mfukoni. Mkono mmoja mfukoni ili umeme usipate njia ya kupita kifuani kutoka mkono hadi mkono. Akaingiza ncha ya turnevisi taratibu chini ya kikombe. “Ta!” Sauti kama ya kidole kinachopigwa. Akangoja kidogo, akarudia. Mara ya pili hapakuwa na sauti. Kondansateri kubwa aliimaliza kwa kuigusisha miguu yake na nyaya za ampuli ya zamani. Ampuli ilimeta mara moja, ikazima.

Ninaandika hayo kwa kirefu kwa sababu vijana wengi wa Kampemba wanajifunza kazi hii kwa kuangalia. Mjini kuna shule zinazofundisha elektroniki, kama Institut Technique Salama ya Mapadri Wasalesiani, lakini si kila mtoto anafika huko. Anayejifunza kwenye meza ya avenyu anaiga alichokiona, na kama bwana wake anaruka hatua ya utepe, naye ataruka.

Bodi ilipotolewa na kugeuzwa, ugonjwa ulionekana kwa macho. Kulikuwa na sirkiti ndogo yenye miguu 7, imefungwa kwenye kipande cha aluminiamu cha kupoozea. Jina lake lilikuwa limeandikwa, LA7840, kitu cha kawaida sana katika televizio za aina hii. Kazi yake ni kusukuma picha juu na chini. Kuzunguka mguu mmoja wapo, katika lehemu, kulikuwa na duara jembamba jeusi, kama ufa kuzunguka nguzo iliyotikisika ardhini. Sehemu hiyo inapata joto kila siku na kupoa kila usiku. Chuma kinapanuka na kunywea, mwaka baada ya mwaka, mpaka lehemu inaachana na mguu. Kofi la watoto lilikuwa linaurudisha mguu mahali pake kwa muda. Kofi la mwisho liliumaliza.

Basi ni kulehemu upya tu? Hapo ndipo wengi wanaishia, na televizio inarudi baada ya wiki mbili. Fundi alilehemu miguu yote 7, na nyingine za jirani, na zile za THT, transfoma ya volti kubwa, maana nazo hupasuka vilevile. Kisha akaleta ampuli yake ya wati 100, ile ya zamani ya waya ndani, siyo ya LED, akaiunganisha katikati ya prizi na televizio. Ni ujanja wa mafundi wa tangu zamani. Kama ndani bado kuna mahali umeme unakatiza njia, ampuli inawaka kwa nguvu zote na kubeba pigo badala ya televizio. Kama ndani ni salama, ampuli inamulika mara moja na kufifia. Kabla ya kuwasha alichomoa bobine ya kusafisha rangi, kwa sababu hiyo peke yake ingeifanya ampuli iwake na kumdanganya.

Ampuli ilimulika, ikafifia. Kioo kikapata picha nzima. Watoto wakapiga kelele mpaka majirani wakatoka.

Fundi hakufurahi. Juu kabisa ya picha, upana wa vidole viwili, kulikuwa na mistari myeupe, na kichwa cha picha kilikuwa kimejikunja kama ukingo wa shuka. Mama alisema hiyo si kitu, mpira unachezwa katikati. Fundi akakataa. Mkunjo ule una maana: mwali unapofika chini unatakiwa urudi juu haraka, na kwa safari hiyo ya kurudi kuna kondansateri moja ndogo inayompa nguvu ya ziada. Ikikauka, mwali unachelewa, na sirkiti inafanya kazi na joto kupita kiasi mpaka inakufa kweli. Aliitafuta karibu na ile LA7840: mikrofaradi 100, volti 35, ndogo kama kifuniko cha kalamu. Ilikuwa imesimama sentimita moja tu kutoka kwenye kipande cha kupoozea, inapikwa kila siku. Ngozi yake ya plastiki ilikuwa imenywea juu.

Aliibadilisha, na tatu nyingine za sehemu ile. Bei ya zote haikufika bei ya chupa ya bia. Lakini alichagua. Kwenye mfuko wake wa vipande kulikuwa na zilizoandikwa 85°C na zilizoandikwa 105°C, na alitumia za 105 tu. Kuna kanuni ambayo mafundi wa elektroniki wanaifuata duniani kote: kila joto likipungua kwa digrii 10, maisha ya kondansateri ya aina hii yanaongezeka karibu mara mbili. Kwa hiyo katika joto lile lile, na kama saa walizoahidiwa ni sawa, ya 105 inaishi kama mara nne ya ile ya 85. Tofauti ya bei ni ndogo sana. Yule aliyezoea kuchomoa kondansateri kwenye televizio iliyokufa na kuziweka katika nyingine, akidhani anaokoa pesa, anahamisha ugonjwa kutoka nyumba hadi nyumba.

Mkunjo ukaondoka. Sasa ikabaki sababu ya yote, na sababu ilikuwa sanduku.

Seremala aliyelitengeneza alifanya kazi nzuri mno. Mbao zimebana, nyuma imefungwa kabisa kwa ajili ya wezi. Ukweli ni kwamba televizio ya mgongo ni ngumu kuiba. Uzito wake peke yake unamtosha mlinzi. Televizio hizi zilichorwa ili hewa iingie chini na kutoka juu kupitia yale matundu ya kifuniko. Ukiifungia, joto linabaki ndani, na yale tuliyosema juu ya digrii 10 yanafanya kazi kinyume: maisha yanakatika nusu, kisha nusu tena. Fundi alimwambia mama atafute seremala atoboe nyuma na juu, na aweke wavu wa chuma kama anaogopa mikono. Kabati za kiwandani zina matundu hayo nyuma, na nyingine zina feni. Mama aliuliza kama hilo ndilo lililoua ile ya kwanza.

Maana kulikuwa na ya kwanza. Ilikuwa nyuma ya nyumba chini ya gunia, imekufa tangu mwaka uliotangulia. Hiyo haikuuawa na sanduku.

Jimbo letu linakula umeme wa mito mikubwa: Mwadingusha na Koni kwenye Lufira, Nzilo na Nseke kwenye Lualaba, na laini ndefu ya Inga inayofika Kolwezi. Lakini mkaaji wa Kampemba anajua kinachofika kwenye prizi yake saa moja ya jioni. Ampuli inakuwa ya rangi ya chungwa. Picha ya televizio inanywea pembeni, ukingo mweusi kushoto na kulia. Wengi wanaona ukingo ule na kudhani kioo kimezeeka. Kisha umeme unakatika. Kisha unarudi, na unaporudi, mara nyingine unarudi kwa nguvu kuliko unavyotakiwa. Jokofu za avenyu nzima zinaondoka kwa pamoja, volti zinapanda na kushuka. Dakika hiyo ndiyo inayoua. Dawa yake haina gharama: umeme ukikatika, chomoa waya kwenye prizi, usizime tu kwa kitufe, ukirudi, ngoja dakika kadhaa, uangalie ampuli ya nyumba imetulia, ndipo uchomeke. Stabilizateri inasaidia, kama ni ya kweli na si sanduku tupu lenye taa ya kijani.

Televizio ya chini ya gunia ilipigwa na dakika kama hiyo. Tranzista kubwa ililipuka na fizibule ikakatika, kama ilivyotakiwa. Halafu mtu mmoja, ambaye mama alimlipa, akatoa fizibule iliyokatika na kuweka mahali pake uzi wa shaba wa kamba ya umeme. Akawasha. Fizibule inakatika ili kitu kingine kisife. Uzi wa shaba haukatiki. THT ilipasuka ubavuni, na ufa wake unaonekana hadi leo, na bodi imeungua shimo ambalo kidole kinapita.

Je, inatengenezeka? Fundi aliiangalia kwa muda mrefu, akapima chupa, akasema chupa ni nzima. Lakini kila aina ya televizio ina THT yake, na viwanda vikubwa viliacha zamani kutengeneza televizio za chupa. Kuipata mpya ya namba ile ile ni bahati. Ya kutoka televizio nyingine ni kubahatisha. Kwa bodi iliyoungua pia, alisema hapana. Nilimheshimu kwa ile hapana. Angeweza kuchukua pesa na kuahidi wiki ijayo, wiki ijayo, kama tunavyojua. Badala yake alitoa vipande vilivyo vizima, ile sirkiti ya miguu 7 ikiwa kimoja wapo, akavifunga katika karatasi na kumpa mama avitunze kwa siku ya shida.

Ikabaki chupa na shaba yake. Mnunuzi wa mitraye anataka bobine za shingoni na ile inayozunguka kioo. Kwa televizio moja shaba hiyo haifiki kilo, lakini ni shaba safi, na hapa Katanga kila mtoto anajua shaba ni nini. Nilikaa nikifikiri kwamba huenda shaba yenyewe ilitoka kwetu, ikaenda ng'ambo kama mabamba, ikarudi kama uzi mwembamba shingoni mwa televizio. Si shaba tu. Rangi ya kijani ya kioo inatoka katika unga wa zinki na salfa uliotiwa shaba kidogo. Na zinki iko Kipushi, kilomita 30 hivi kutoka hapa, katika mgodi uliosimama mwaka 1993 na kuanza tena kutoa mwaka 2024.

Lakini ili kutoa bobine haraka, wengi wanavunja shingo kwa jiwe. Kioo kinabaki pale pale, au kinatupwa kwenye mfereji, na mvua inafanya mengine. Kioo cha shingo na cha ule mgongo wa faneli kimechanganywa na risasi, ile plomb, iliyowekwa humo ili kuzuia miale isimfikie mtazamaji. Televizio kubwa moja inaweza kuwa na zaidi ya kilo moja ya risasi ndani ya kioo chake. Chupa ikiwa nzima, haimdhuru mtu. Ikiwa vipande na vumbi katika parsele ambapo watoto wanacheza bila viatu na kutia vidole mdomoni, ni jambo lingine, maana risasi inaharibu akili ya mtoto mdogo na hakuna kipimo chake kinachojulikana kuwa salama. Mji wetu umekwisha kubeba vumbi la kutosha la mawe.

Jumamosi iliyofuata nilipita tena. Sanduku lilikuwa na matundu mawili ya mraba nyuma, yamekatwa kwa msumeno bila urembo wowote, na kipande cha wavu wa kuku juu yake. Picha ilikuwa imejaa kioo chote. Watoto saba walikuwa wamepanga foleni, na yule wa dada yangu alikuwa anafungwa mabao matatu kwa sifuri na kulaumu manete.

Ile nyingine bado iko nyuma ya nyumba chini ya gunia. Mnunuzi wa mitraye amerudi mara mbili. Mama anamwuliza kama ataibeba yote, pamoja na kioo. Anajibu kwamba kioo hapana, yeye anataka shaba tu, na mama anafunika gunia lake.